Mwenye Nyumba Aliyebomoa Lipu Yake

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, El Paso, Texas
Jumanne, 13 Juni 2023, kuanzia saa saba na dakika kumi mchana
Jina: Obdulia Villaseñor Tarango
Umri: miaka 57
Kazi: mwenye saluni
Makazi: Mtaa wa Olivas, nyumba namba 418
Lugha: Kihispania

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Ninamfahamu Herlinda Quintanar, miaka 62, fundi cherehani, aliyekamatwa leo asubuhi. Nilimsimamia binti yake ubatizo, na tangu siku hiyo tunaitana komadre. Nyumba aliyokutwa akiibomoa ni yake. Hati bado ina jina la marehemu mumewe, Eusebio, aliyefyatua matofali yake ya udongo kwa mikono yake mwenyewe. Hilo, afisa, naomba uliandike kwa herufi kubwa.

Kila Aprili ofisi ya uthamini hututumia barua za Kiingereza kutuambia nyumba zetu zina thamani gani, na kodi hufuata hapo. Watu huniletea barua hizo saluni. Ninawasomea, tunajaza fomu ya rufaa, na simtozi mtu. Mwaka huu thamani ya nyumba ya Herlinda imepanda karibu maradufu, kwa sababu wamefungua mgahawa wa kahawa pale kona na wageni wanaugombania mtaa wetu. Nyumba yenyewe ina ufa kutoka dirishani mpaka paani. Kwa kodi hiyo atakuwa ameiuza kabla ya Krismasi, na anajua. Kikao cha rufaa yake ni leo saa tisa alasiri. Asipofika, thamani inabaki ileile.

Mnamo tarehe 8 Juni, Alhamisi, majira ya saa kumi jioni, nilimwambia, "Komadre, Jumatatu nakuja kuipiga nyumba picha za kupeleka kikaoni." Sikuongeza neno. Hilo ni kosa langu na ninalikiri. Kwetu mtu akisema anakuja na kamera, unafua mapazia.

Mnamo tarehe 12 Juni, saa nne asubuhi, nilifika na kamera, nikashika mdomo. Nyufa zote zimezibwa. Ukuta umepakwa rangi ya chungwa, mlangoni kumepangwa makopo ya maua, na mezani kuna mikate mitamu ya kumkirimu mpiga picha.

"Unaionaje?" akaniuliza. "Waone kwamba hatuishi kama panya."

"Herlinda, we mwanamke! Mimi nilitaka nyufa!"

"Nyufa za nini?"

"Za kuwaonyesha! Wakiiona hivi si watapandisha tena?"

Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu aliziba, na balaa likaanzia hapo hapo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alisema, "Eusebio hakunijengea gofu. Sipeleki uchi wa nyumba yake mbele ya watu waliovaa tai."

Nikamjibu, "Basi hiyo heshima yako utailalia barabarani." Tukaachana bila kuagana.

Leo saa tatu na nusu asubuhi, nikimpaka mteja dawa ya nywele, nilisikia kishindo. Nilitoka nikamwona Herlinda kwa macho yangu, juu ya ngazi, na nyundo ya marehemu mkononi. Anapiga lipu mpya huku analia. Nilimwita, hakugeuka. Nilielewa kwamba anautafuta ule ufa. Nilirudi ndani kumsuuza mteja kwa kuwa dawa ingemuunguza, na nilipotoka tena, saa nne kasoro dakika tano, gari lenu lilikuwa linaondoka naye. Aliyepiga simu ni jirani wa mbele, aliyehamia mwezi wa Mei. Simlaumu. Ukiona mtu anavunja nyumba iliyopakwa rangi juzi, utafanya nini?

Ninaambiwa hapa hajajibu hata swali moja. Hawezi. Kujibu ni kukiri mbele yako, mtoto wa watu, kwamba nyumba aliyoachiwa na mumewe inapasuka.

Saa saba na dakika thelathini na tano, afisa aliniruhusu kuzungumza naye dakika mbili kwenye korido. Nilimwomba radhi kwanza. Kisha nilimwambia polisi wameupiga picha ukuta wakidhani ni uharibifu, na tukiziomba picha hizo zitatufaa kikaoni.

Akasema, "Hizo ni za nje tu. Ufa wenyewe uko chumbani, nyuma ya picha ya harusi. Kwa nini unadhani tuliitundika pale?"

Miaka ishirini na tisa ninaingia chumba kile. Nilikaa humo siku tatu Eusebio alipokuwa anakata roho, nikiitazama picha hiyo. Sikujua.

Hayo ndiyo niliyo nayo. Nimeyasema kwa hiari, nimesomewa, ni kweli tupu. Sasa tufanye haraka, saa tisa si mbali.

(Sahihi) O. Villaseñor T.

Maelezo ya afisa: Yamechukuliwa na kusomwa nami kwa Kihispania. Bi Quintanar ameachiliwa saa nane kamili bila shtaka. Kwa ombi lake nimefika nyumbani kwake na kuuona ufa wa chumbani. Mkono wangu umeingia mpaka kwenye kifundo. Picha niliyoupiga ufa huo imechapishwa pamoja na zile za nje. Shahidi alitaka kumshikia Bi Quintanar bahasha ya picha hizo, naye akakataa. Ameingia nayo kikaoni mwenyewe, saa tisa kasoro dakika nane.

(Sahihi) Afisa L. Armendáriz