Mshale wa Njia Panda

4 Machi

Shikamoo Dada,

Wewe na Mama Mkubwa hamjambo? Sisi tu wazima, ila Bibi bado yuko hospitali mjini na magoti yake.

Umeandika kwamba jina la kijiji ni lenu, sisi tumeazima tu. Nani alikwambia? Jina ni moja, la lugha ya Bibi. Mpaka ulipowekwa ulikata ukoo katikati, kila upande ukabaki nalo. Ninyi mna reli, mna soko, na sasa mnamtaka na Bibi. Mimi nimelala naye kitanda kimoja tangu nina miaka minne. Niachie.

Nimepata kazi kwa fundi wa vibao. Ananiita Bubu kwa sababu siongei. Kazi yangu ya kwanza ni kibao cha njia panda ya mpakani: jina, mshale, kilomita. Cha kwenu, bila shaka. Sisi hakuna aliyetuagizia.

Mdogo wako

17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Za kazi? Huku Mama anakohoa kidogo tu.

Usininunie. Wivu wako naujua tangu tulipogombea mgongo wa Bibi. Chumba chake hapa kiko chini. Huko kwenu je, atapanda ngazi kwa magoti yale? Jumamosi gari litamtoa hospitali moja kwa moja hadi kwetu. Dereva ni mgeni. Nimemwambia afuate kibao kipya.

Dada yako

25 Machi

Mdogo wangu,

Salamu baadaye. Bibi yuko wapi? Tulimngoja hadi chakula kikapoa. Mama anatoka hadi barabarani kila gari likinguruma. Jibu upesi.

Dada yako

29 Machi

Shikamoo Dada,

Mwambie Mama Mkubwa atulie. Bibi yuko hapa, mzima.

Fundi alichora mshale kwa chaki kuelekea kwenu. Mimi nikaupaka rangi kuelekea kwetu. Dereva akaufuata.

Niliposikia gari nilishuka mbio kwa furaha. Bibi akazitazama ngazi zetu kumi na moja. Akapanda tatu, akakaa, jasho likimtoka. Tangu siku hiyo analala kwa jirani wa chini, na mimi juu peke yangu kwenye kitanda chetu.

"Mbona hukumwambia dereva amepotea?" nikamuuliza.

"Hakupotea. Jina si ndilo? Halafu mwandiko wako naujua, mchokozi we."

Nimemwambia fundi ukweli. Amefoka, kisha akasema, "Kumbe Bubu ana mdomo!" Jana nimekirudia kibao. Bibi ameniagiza jina niliandike mara mbili, mshale huku na mshale huku.

Jumamosi namleta mwenyewe. Wivu bado ninao, nisikudanganye. Ukiniona nimeganda mlangoni na mkoba wake, sijanuna, ni aibu. Nivute mkono.

Mdogo wako