Vitu Kumi Juu ya Sinia

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimetulia. Sisi hapa tunapumua, tunakula, na kucheka tunacheka inapobidi. Usishtuke ukiona herufi zinapepesuka kama walevi. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye plasta. Mtaa mzima unajua kwamba niliuvunja nilipomtandika kocha kwa stuli, na habari hiyo imenipa heshima hadi fundi viatu wa hapa kona ananiita Mama Bondia na kunipisha njia. Hayo nitayafikia.

Barua yako nimeipata. Unasema mwanao ameacha chuo cha ufundi, anataka kuja kwangu aingie kambi ya ngumi iliyomlea kaka yake, na wewe umeshamnunulia begi. Unasema pia kwamba mimi ndiye niliyemtia wazimu huo kwa barua zangu za kujisifu. Kweli kabisa. Na leo nitajisifu tena kidogo kabla ya kukujibu, maana nisipojisifu hutaamini kwamba ni mimi.

Kwanza Radi wangu. Ulimwona mara ya mwisho siku tuliyomzika mumeo, alipobeba jeneza upande wa mbele, mabega yake yakawafanya wale wanaume wengine waonekane wamening'inia tu. Alilia kuliko wanao, kwa sababu baba yake mdogo ndiye aliyemvisha glavu za kwanza. Tangu siku hiyo kila aliyepanda naye ulingoni ameshushwa kwa kubebwa. Pambano la ubingwa nilikaa kiti cha mbele. Mpinzani alikuwa pande la mtu, muuza nyama, shingo hana. Raundi ya pili Radi akamshindilia ngumi ya mbavu, nikausikia mfupa ukilia kama kuni kavu. Akamfuatishia ndoano ya kidevu, jino likaruka mpaka kwenye meza ya waamuzi, na lile jitu likaanguka kifudifudi bila hata kutanguliza mikono. Damu ilinirukia kwenye blauzi, sikuifuta. Nilipanda juu ya kiti nikawatangazia watu kwamba tumbo lililomzaa ni hili hapa, mwenye shaka aje alipapase.

Na dada yake, yule tuliyekuwa tukimwita Profesa tangu hajaota meno ya mbele, sasa ni mtakwimu kweli. Mimi na darasa langu la sita nimezaa mtakwimu! Chama cha ngumi kilimwita kwa sababu ya ugomvi wa kambi mbili. Moja ni ya Kocha Nyundo, kambi ya Radi, ambako mabondia hufanya mazoezi ya kupigana wao kwa wao kila siku, kichwa wazi, nguvu zote, kana kwamba kuna mkanda unaoshindaniwa. Nyingine iko karibu na reli, ya mzee mmoja aliyekuwa kinyozi. Huko wanavaa kofia za kujikinga na kugusana tu. Kinyozi alikwenda kwenye chama akasema vijana wa Nyundo wanaharibika vichwa. Nyundo akajibu kwamba vijana wa Kinyozi wanacheza kidali po kama watoto. Profesa akaambiwa apime kumbukumbu za pande zote mbili aone kama zinatofautiana.

Nilimuuliza kuna haja gani ya masomo yote yale, si awapime wote na kuwajumlisha? Alicheka, akanieleza jikoni kwangu, nami nilielewa upesi, usinicheke. Mabondia wa kambi hizo ni wengi, wa zamani na wa sasa, huwezi kuwapata wote. Ni kama masufuria mawili ya supu: unataka kujua lipi lina chumvi zaidi, unaonja kijiko kutoka kila moja, lakini kwanza ukoroge, usichote juu juu. Kukoroga kwake ni kura. Kila bondia alipewa kifungo cha nguo chenye alama yake, vikatiwa kwenye kopo, akachota ishirini wa huku na ishirini wa kule. Kifungo cha Radi kilipotoka, Nyundo alishangilia.

Halafu, aliniambia, unaanza kwa kukubali kwamba kambi zote ni sawa. Wenyewe wanaiita nadharia tete. Ni kama mshtakiwa, unamhesabu hana kosa mpaka ushahidi ukulazimishe. Maana hata kambi zikiwa sawa, vijiko viwili havitalingana. Huku utachota msahaulifu, kule utachota mwenye kichwa kikali, hiyo ni bahati tu. Kwa hiyo unauliza: kama kweli hakuna tofauti, bahati peke yake ingeweza kunipa pengo kubwa kama hili mara ngapi? Ikiwa ni chini ya mara tano katika mia, basi ile nadharia unaitupa. Na mpaka huo wa tano unauweka kabla ya kupima, si baada, la sivyo unajidanganya mwenyewe.

Kipimo chenyewe kilikuwa sinia. Alilipanga hapa mezani kwa vitu vyangu mwenyewe: kijiko, mshumaa, kitana, funguo, kibiriti, sindano, kikombe, kengele, mkasi na kifungo. Bondia analitazama kidogo, linafunikwa kitambaa, anazungumzishwa mambo mengine, kisha anaulizwa aliona nini.

Siku ya kupima kambi ya Nyundo nilikwenda kumsaidia kubeba sinia. Mdogo wangu, mimi nilizoea kutazama ngumi za ulingoni, zenye refa na taa. Mazoezi sikuwahi kuyaona. Ni ukumbi wenye joto la tanuri, sakafu inateleza jasho, na kuna ndoo ya kutemea iliyokuwa nyekundu. Kijana mmoja mwembamba alikuwa akipigwa kwenye kona. Miguu yake ilikwisha kitambo, kamba tu ndizo zilizomsimamisha, na mwenzake akaendelea kumtwanga, pu, pu, pu, kichwa kikienda huku na huku kama mlango usio na komeo. Hakuna aliyesema basi. Alipoanguka hatimaye, Nyundo alimmwagia maji usoni, akamzaba makofi mawili, akamwambia mke wake anampiga vizuri zaidi. Wote wakacheka. Kijana naye alicheka, damu ikitoka sikioni. Baada ya hapo akaletwa kwenye meza ya Profesa. Alikumbuka mshumaa. Akaomba asiambiwe mtu.

Radi alipokaa, alivitaja vyote kumi. Tena alivitaja kwa mbwembwe, ngumi zikipiga hewa kwa kila kitu alichokitaja, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Nyundo alinigeukia akanikonyeza. Nami nilitabasamu.

Majibu yalisomwa kwenye ukumbi wa chama, kambi zote mbili zikiwa zimekaa pande mbili kama maharusi wasiotakana. Profesa alisimama na gauni la bluu nililomshonea. Alisema wastani wa kambi ya reli ni vitu saba na kidogo, wa kambi ya Nyundo ni sita. Pengo lipo. Lakini kwa jinsi alama za watu zilivyotawanyika, bahati ingeweza kuleta pengo kama hilo mara saba katika mia, na mpaka aliouweka ni tano. Kwa hiyo hawezi kuitupa ile nadharia. Akarudia polepole, akiwatazama, kwamba hakusema kambi ni sawa, amesema hajaweza kuonyesha kwamba si sawa, na hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Nani alisikiliza? Nyundo aliruka juu ya benchi akapayuka kwamba sayansi imemsafisha. Kinyozi wa watu akasimama kumwambia asikilize vizuri alichosema binti. Radi alivuka ukumbi kwa hatua chache, mwanangu yule, akampiga yule mzee ngumi moja ya pua. Nilisikia ikivunjika. Mzee wa miaka sabini! Vijana wake wakaamka, benchi zikaruka, mtu akapasuliwa uso kwa glasi ya maji, mwingine akakanyagwa kichwa mlangoni. Nyundo alimshika Profesa gauni begani akimwambia asaini pale pale kwamba kambi ziko sawa, na hapo ndipo nilipookota stuli. Nilimpiga ya mgongo, alipogeuka nikampa ya mdomo. Meno mawili, mdogo wangu. Hilo ni la kweli, mashahidi wapo.

Lakini mkono sikuuvunjia pale.

Sasa kaa chini, kama umesimama. Juma zima kabla ya siku ya kupima, Radi alitoka kwenda dukani, akarudishwa na mtoto wa jirani. Alikuwa amesimama njia panda na kipande cha sabuni, hajui aelekee wapi. Nikamwambia mtoto yule kwamba kaka alikuwa anatania. Haikuwa mara ya kwanza. Lakini bingwa wangu, niliyemsifia mjini na mashambani, akae mbele ya dada yake na mbele ya Nyundo ashindwe kutaja hata vitu viwili? Nisingestahimili. Sinia nilikuwa nalo mezani kwangu, vitu ni vyangu. Nikamfundisha. Maneno matupu hayakukaa kichwani, kwa hiyo nikamfundisha kama kocha anavyomfundisha, kila kitu na ngumi yake. Kijiko, ya kushoto. Mshumaa, ya kulia. Kitana, ndoano. Funguo, ya mbavu. Tukawa tunapiga mto asubuhi na jioni, mimi nimeushika kifuani, tukicheka, mpaka mwili wake ukavishika vyote kumi.

Siku ya tatu baada ya vurugu za ukumbini nilikwenda kumwamsha apate chai. Nilimgusa bega. Alifungua macho, na ndani ya macho yale mimi sikuwemo. Akainuka. Akasema kijiko, na ngumi ikanipata shavuni. Akasema mshumaa, nikaona giza. Kwa kitana nilikuwa nimeinua mkono kujikinga, na hapo ndipo ulipovunjika. Funguo ilinikuta sakafuni, mbavuni. Nililia nikimwita kwa jina nililompa, akaendelea kuvitaja mpaka akafika kwenye kifungo, na alipofika kwenye kifungo akasimama, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha kwamba kifungo ni cha mwisho. Kisha akaniona, akauliza kwa huruma nani amenifanya hivi, akatoka nje kumtafuta.

Nilimwambia Profesa yote, kitandani hospitali. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema mtu mmoja mwenye kumi ya uongo kati ya ishirini anatosha kuuficha ukweli wa wote. Nikamwambia basi amfute, ahesabu upya. Akakataa. Akasema hachagui wa kumfuta baada ya kuona majibu, hata akiwa ndugu yake. Aliwaita wakubwa wa chama akawaambia kipimo kimeharibikia nyumbani kwake, wote arobaini wapimwe tena, kwa sinia litakalopangwa na mtu mwingine, nyumba nyingine. Akakubali kudharauliwa. Nami nikasimama mbele ya watu wale wale, mkono kwenye plasta, uso umevimba kama mkate, nikasema nilichokifanya. Nyundo alinizomea kwa pengo la meno yake.

Radi alikumbuka kitu kimoja, mdogo wangu. Na hicho kimoja alisema kijiko, ambacho hakikuwemo.

Safari hii pengo lilikuwa la kuweza kuletwa na bahati mara mbili tu katika mia. Nadharia ikatupwa, ukumbi wa Nyundo ukatiwa kufuli. Nasikia anatafuta mji mwingine wa kufungulia, kwa hiyo fumbua macho huko uliko.

Jibu la barua yako ndilo hilo. Begi lirudishe dukani, wakikataa, mpe mwanao aendee nalo chuoni. Akilia, alie. Akikuambia kwamba wengine wa kambi ile wako timamu, ni kweli, wapo. Profesa mwenyewe anasema wastani ni wa kambi, hauwezi kukuambia mwanao atakuwa yupi. Mimi ninachoweza kukuambia ni wangu alikuwa yupi.

Nisalimie watoto wote, na yule mdogo mwambie mama mkubwa anamshonea gauni mkono ukipona. Profesa anakusalimu, yuko kazini. Radi ninaye hapa mezani, ametulia leo, anakunja nguo vizuri kuliko mimi. Ameniuliza namwandikia nani, nikamwambia mama yake mdogo. Amefurahi sana. Anasema nimsalimie baba mdogo, na nimwambie aje na zile glavu za zamani, wapashane moto kidogo.

Mara ya kwanza nilimwambia ukweli, akalia kama siku ile ya jeneza. Leo nimemwambia nimeshaandika.

Dada yako akupendaye,
Mama Radi na Profesa