Nilimkanda Mama Mguu Ukiwa na Ganzi

Mpendwa mshauri Mama Marthe, nisaidie, kuna jambo nimelimeza miezi minne na linanikaba. Mama yangu alibadilishiwa goti la kulia huko Bukavu, maana lilikuwa limekwisha kabisa, kutoka kitandani hadi mlangoni alikuwa analia, na baada ya upasuaji nikashangaa kumkuta anakunywa chai na kucheka na wagonjwa wenzake, ukimgusa mguu hasikii, ukimfinya hasikii, muuguzi akaniambia, “Bamemupiga sindano ya ganzi juu ya maumivu, muguu iko inalala, kesho itaamuka,” lakini mimi nikajiuliza, mguu unalalaje na mwenyewe yuko macho? Nikaogopa kwamba umekufa. Basi muuguzi alipotoka nikamimina maji ya moto ya termosi, nikalowesha kitambaa, nikamkanda kwenye muundi jinsi tunavyomkanda mwanamke aliyetoka kujifungua, na kwa kuwa hakulalamika nikazidi kuongeza moto.

Kesho yake tukaona malengelenge, daktari akauliza, nikanyamaza. Kidonda kimepona, goti jipya linamfikisha sokoni, ila mama anawaambia watu wote, hata wageni waliovuka ziwa kutoka rasi ya Ubwari, “Ile sindano njo iliniunguza, goti ya pili sitaki!” Goti la kushoto nalo lilipaswa kubadilishwa mwezi ujao, na sasa analiburuta huku anauma meno. Nikisema ukweli atanitazamaje? Na hiyo sindano inafanyaje kazi?

Florentine, Baraka

Florentine mwanangu, umeniudhi na umenitia huruma kwa pamoja. Nianze na swali lako, maana ni zuri, na mimi pia sikujua jibu lake. Nimemuuliza Wilfried, muuguzi wa ganzi. Anasema maumivu ya goti hupita kwenye mishipa ya fahamu kabla ya kufika kichwani. Dawa inawekwa karibu na mishipa hiyo, na njia inafungwa kwa saa kadhaa, mara nyingine siku nzima au zaidi. Kichwa hakiguswi. Mgonjwa anapata nafuu bila kunywa dawa nyingi kali, na anaanza mazoezi mapema. Lakini mguu huo haujui moto, wala hauwezi kubeba mtu. Muuguzi alikwambia utaamka kesho. Nani alikutuma uwe daktari wa termosi?

Sasa sikiliza. Leo hii, kabla ya chakula, kaa na mama yako umwambie. Kisha mpigie simu daktari aliyempasua, naye aelezwe yote, maana yeye ndiye atakayeamua juu ya goti la pili. Muulize pia, baada ya upasuaji huo, vidonge vya maumivu vianze lini, ili ganzi ikiisha visiwe vimechelewa. Mama asisimame peke yake mpaka waruhusu. Na wewe, mambo ya kukandwa waachie wanawake waliotoka kujifungua.

Unaogopa atakutazamaje. Mwanangu, uliolala ni mguu. Mama yako alikuwa macho, aliuona mvuke, na aliuona mkono ulioshika kitambaa. Miezi minne anaisingizia sindano ili asikutaje wewe, na sasa hawezi kulikubali goti la pili bila kukuumbua. Nenda ukamwambie, akatibiwe.