Mafuta kwenye upinde wa fidla

Naemi mdogo wangu,

Maharage yako jikoni, yaongeze maji. Mbuzi hajala.

Asante sana kwa kuupaka upinde wa fidla yangu mafuta ya nyonyo. Jana uliposema, “Kaka, kitu kinacholia hivi kimekauka,” nilidhani unatania. Leo asubuhi nimejaribu wimbo wa harusi yako: kimya kabisa. Majirani wanakuombea baraka.

Nywele za upinde hutaka utomvu wa msonobari, si mafuta. Nimekwenda misheni kuomba upinde mwingine. ~~Jumamosi tafuta mpigaji mwingine.~~ Jumamosi nitapiga, hata kama vibaya. Baba hayupo wa kukuingiza kanisani, ndiyo maana nilianza kujifunza fidla, wimbo ukuingize.

Fidla usiiguse.

Kaka yako, mwenye cheti cha ualimu na fidla bubu