Mama, Ninakula

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepoa kidogo. Sisi huku hatujambo. Mume wangu yuko mbali, anawatafutia ng'ombe malisho, maana mvua imetupa kisogo tena. Maziwa ni ya watoto tu, nayo hayatoshi.

Kikundi chetu cha wanawake bado kimesimama. Wewe hutuita wapiga soga wenye shanga, na kweli soga tunapiga. Ila safari hii tuliomba kipande cha ardhi karibu na kisima, tulime mboga na maharage. Mwenyekiti wa kijiji, yule tunayemwita Kipaza Sauti, alisema mwanamke wa Kimasai haombi ardhi, na tangu lini Mmasai akala majani kama mbuzi. Tukamwambia hata ng'ombe wake wameyakosa hayo majani, asituletee za kuleta. Tulikaa palepale mlangoni pa kikao tukitunga shanga na kuimba, mpaka wanaume wakashindwa kusikilizana. Ardhi tukapewa. Weee, maharage yamekubali! Sasa wake zake Kipaza Sauti ndio wa kwanza kufika kuchuma.

Kazi ngumu ni nyingine. Nesi wa zahanati hupita kuwapima wajawazito, nami ndiye mkalimani wake. Anataka wale, washibe. Unajua tulivyolelewa, Mama: mimba ikishakuwa kubwa, mwanamke ananyimwa chakula, anapewa uji mwepesi tu, eti mtoto asinenepe akamshinda kuzaa. Mama wakwe wanalinda sufuria kama askari wa benki. Mila zetu nazipenda. Shanga sivui na nyimbo siachi. Lakini hili nalipinga waziwazi, nyumba hadi nyumba. Juzi wenzangu wakanibana. Walisema maneno ninayo, ila tumbo langu nalo limeshachomoza, na mama yangu, mkunga anayeheshimiwa, anakuja kunilinda nisile. Je, nitathubutu kula mbele yake? Ndipo nikaamua kukuandikia.

Basi Mama, hapa mwambie binamu anayekusomea apunguze sauti. Ninakula. Nakula maharage, mayai, chochote kinachopatikana, na nitajifungulia zahanati. Si ukaidi. Dada alipofariki akijifungua, ulisema mtoto alikuwa mkubwa mno. Mimi ndiye niliyemwosha mtoto yule, Mama. Alikuwa mdogo, alienea kwenye viganja vyangu. Nilipomsimulia nesi, aliniambia huenda dada aliishiwa damu. Mwili wenye njaa hauna akiba ya kupoteza. Nimelia mpaka nimechoka. Sikulaumu hata chembe. Ulimfanyia ulichofanyiwa wewe, na ulimpenda kuliko sisi sote. Lakini siwezi kukuficha ili tu tupatane.

Tafadhali usiahirishe safari. Naogopa, na hakuna mikono ninayoiamini kama yako. Nisalimie kaka zangu na wake zao, na bibi mwambie namkumbuka sana. Ukifika, kaa jikoni kama ulivyopanga, shika mwiko, unipakulie.

Ni mimi,
binti yako aliyebaki