Shamba letu liliungua mbele ya mvua

Kasongo, Jumamosi, siku ya posho, mwezi wa tisa

Na waseme sasa waliotucheka. Juzi jua lilikuwa kali, mawingu hakuna. Feza, mutoto wangu aliyeolewa Kabambare, akaniambia: «Mama, tuchome shamba leo. Kule milimani nilikotoka mvua imeshaanza. Itashuka huku.»

Jirani yetu mama Zaina akacheka. «Mama Feza, mutoto wako amerudi nabii? Miti tuliyokata iko mibichi bado. Mimi nangoja yenga, juma hili, ipite.»

Tukachoma. Likabaki jivu tupu, tayari kwa mpunga.

Leo mchana upepo ukageuka, mvua ikapiga mpaka jioni. Miti aliyoikata mama Zaina imelala shambani imelowa, na moto hautaishika tena. Alikuja kwangu, akauliza Feza anarudi lini kwa mume wake.

«Kesho kutwa.»

«Abaki kidogo, mama.»

Hata mimi ningependa abaki. Njia imejaa matope, na mimba yake ni ya miezi mitano. Hiyo inanisumbua.

Mama Zaina nitamukatia kipande apande mpunga wake kwangu. Watoto wake watakula. Ila kila siku ya kupalilia atasikia habari za mutoto wangu mpaka achoke.