Nilijipa Ruhusa Dada Yangu Akiwa Kliniki

Kwako mshauri, mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, nimestaafu, shule niliiacha mapema ila akili haikuniacha, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa. Mwanangu alituachia kompyuta yenye gemu la kuteka nyota, basi mimi na dada yangu, mjane, mkunga mstaafu, tunacheza sebuleni kwa zamu, mimi nina nyota arobaini na moja, hata mwanangu mwenye gemu hajafika hapo, dada anazo kumi tu lakini moja imekaa mlangoni pa kona ya mwisho, ambayo kwenye ramani ni giza tupu, na bila yeye kuruhusu chombo changu hakipiti. Nilimtishia vita akacheka, "Kaka, nimekuona ukililia jino, leo unitishe kwa picha?" Akasema macho yake yana ukungu, tungoje miwani mpya tuingie pamoja, nikakubali.

Sasa Jumatatu kaenda kliniki kupimwa macho, ile kona ikaniwasha kama upupu, nikakaa kwenye kiti chake nikacheza zamu yake, maana hajaweka nywila, anasema ndugu hawafungiani milango, nikajipa ruhusa mwenyewe, nikapeleka chombo kimoja, kidogo tu, nikaona (hapa nimekata mistari sita. Mshauri) na mimi nimechomelea mageti ya wakubwa lakini kitu kama kile sijapata kuona.

Chombo nimekirudisha, ila gemu lina umbea, linaandika pembeni kwa herufi ndogo kila ruhusa na siku yake, na Ijumaa dada anachukua miwani. Kila tukinywa chai ananiuliza, "Kaka, unadhani kule kuna nini?" nami nasema sijui, na mdomo unaniuma. Je, nifute gemu lote niseme umeme ulikatika? Kuomba radhi sijazoea, maana sijawahi kukosea.

Fundi wa Mageti

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Hujawahi kukosea, lakini umeniandikia kurasa tatu.

Hamu ya kujua si dhambi. Mimi mwenyewe ile mistari sita niliisoma mara mbili ndipo nikaikata, na nimeikata kwa sababu dada yako ataweza kusoma gazeti hili wiki hii. Lakini ulikuwa umeahidi. Yeye alikuwa anangoja macho, wewe ulikuwa unangoja atoke.

Usifute kitu. Mficha uchi hazai, na unaishi na mkunga. Leo hii, kwenye chai, mwambie: "Dada, nilikaa kwenye kiti chako, nikachungulia. Nisamehe." Ishia hapo, nyota arobaini na moja usizitaje. Akisikia kwako, wewe ni kaka aliyekiri. Akijisomea mwenyewe Ijumaa, wewe ni mwizi aliyekamatwa. Akinuna, kununa ni haki yake. Akikufungia mlango wa ile kona mwezi mzima, kaa nje.

Akikubali kuingia, chombo aendeshe yeye. Wewe kaa pembeni, mikono mapajani, na akikuuliza kuna nini mbele, mjibu, "Endesha, utaona." Najua kunyamaza kutakutesa. Basi siku hiyo iache skrini, umtazame yeye usoni anapofika. Hicho bado hujakiona.